Muyaka wa Gongwa na maneno yaliyotiwa wino mwekundu

Mtu akiniuliza Kimvita ni nini, simpi somo la sarufi. Humwambia amtafute Muyaka. Ukimsoma Muyaka bin Haji al-Ghassaniy umejua mji wetu ulivyokuwa ukinena kabla ya shule na redio, na kabla ya wakubwa kukaa kitako wakaamua Kiswahili gani ni sahihi na gani kibaki jikoni.

Nimeingiwa na hamu ya kumwandika kwa sababu juzi hapa Kibokoni nilimsikia kijana mmoja, mtoto wa papa hapa, akimcheka mwenziwe kwa kusema mtele badala ya mchele. Alimwambia hicho ni Kiswahili cha vikongwe. Sikumlaumu. Hakuna aliyemweleza kwamba mtu ambaye wengi wetu tunamhesabu kuwa ndiye mshairi mkubwa kupita wote waliozaliwa kisiwani hapa alinena Kiswahili hichohicho, akakipigania vita nacho, akakitongozea nacho, na akafa nacho.

Muyaka alizaliwa Mombasa takriban mwaka 1776. Mreno alikuwa ameshatimuliwa Ngomeni tangu zamani, na waliokaa humo ni Mazrui. Hao waliletwa na Imamu wa Oman kuwa maliwali wake, lakini ukoo wa Busaidi uliposhika utawala kule Oman katika miaka ya 1740, Mazrui walikataa kuwatii, wakawa wanatawala kwa niaba yao wenyewe. Hata hivyo hawakutawala peke yao. Mji ulikuwa wa Thenashara Taifa: Taifa Tatu, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Taifa Tisa, wakiwamo Wamvita, Wajomvu, Wakilifi na wenzao. Liwali asiyesikizana na masheikh wa taifa hizo hakuwa na usingizi. Muyaka alikulia katika siasa hizo, na alipoanza kutunga alisimama upande wa Mazrui na Mombasa yao.

Katika mashairi yake mji huu una majina ambayo leo tumeyasahau au tumeyahamisha. Anauita Mvita, jina ambalo wazee wanalihusisha na Shehe Mvita. Anauita pia Gongwa, na Kongowea. Leo ukimtajia mtoto Kongowea, anawaza soko la mboga kule ng'ambo ya daraja la Nyali. Kwa Muyaka, Kongowea ni mji wenyewe, kisiwa hiki na fahari yake yote. Jina limevuka maji likatuacha.

Nami nililelewa Kuze, kwa bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu. Hakwenda shule hata siku moja; alisoma chuoni tu, akahitimu Kurani, basi. Kinywani mwake hamkuwa na njoo, mlikuwa na ndoo. Njia ilikuwa ndia, njaa ilikuwa ndaa, na kikombe hakikuvunjika, kilivundika. Mchuzi ulikuwa mtuzi, mchana ulikuwa mtana, na kitu kilichoanguka kilianguka tini. Ukiumwa na kichwa, kwake ulikuwa waumwa na kitwa. Kuku hakuchinjwa, alitindwa. Na kama una siri, hukuificha, uliifita. Kuzaa kulikuwa kuvyaa, na mama aliyekuvyaa ni mvyele wako. Sisi watoto tulidhani dunia nzima inanena hivyo mpaka tulipoanza darasa la kwanza.

Kanuni yake ni nyepesi, japo haishiki kila neno. Mahali pengi ambapo mtu wa Unguja anasema ch, sisi twasema t. Na panapo nj yake, mara nyingi sisi tuna nd. Wenzetu wa Amu nao wana mato na mtele kama sisi, kwa hivyo mtu asije akadhani ni ulimi mzito wa nyumba moja pale Kuze. Lakini kuna jambo ambalo mgeni hachelewi kulikosea: t zetu si moja. Kutoka kwa maana ya kuchoka, ulimi hugusa meno. Kutoka kwa maana ya kwenda nje, ulimi hurudi nyuma kidogo, juu ya ufizi. Bibi aliweza kusema ametoka kwa kutoka, na hakuna mtoto aliyeuliza ipi ni ipi. Tena kuna pumzi. Paa la nyumba halina pumzi, bali paa wa porini anayo. Kaa la moto na kaa wa pwani pia hivyohivyo. Ukiyaandika kwa herufi za Kizungu yote yanafanana, ndiyo maana watu wanadhani ni neno moja.

Na misemo ndiyo usiseme. Kwa bibi hakukuwa na jambo lisilo na msemo wake. Mjomba alipogombana na watu wa nyumbani akahama kwa hasira, kisha baada ya miezi minane akarudi na kanda lake kwapani, bibi hakumuuliza kitu. Alimwekea sahani, akasema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi nilikuwa na miaka kama tisa na sikujua hata neno moja kati ya hayo matatu. Nilikuja kuyajua Bandari ya Kale, pale majahazi yalipokuwa bado yakitia nanga kwa wingi. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele yake, na ngama ni pale chini katikati ambapo maji yaliyoingia chomboni hukusanyika, na ambapo baharia yeyote, hata akiwa nahodha wa maringo, sharti ashuke ayateke ayamwage. Nilipoliona shimo lile na uvundo wake ndipo nilipofahamu kwamba bibi hakuwa akimkaribisha mjomba kwa upole kama nilivyofikiri.

Lugha hii ni ya watu wa maji, na hapo ndipo Muyaka anapoingia barabara. Bibi hakuwa mvuvi, wala mumewe, lakini alijua kwa kuutazama mwezi tu kama leo ni bamvua au ni maji mafu. Bahari ilikuwa ikipwa na kujaa, na mtu naye alikuwa akipwa na kujaa. Aliyeishiwa kabla ya mwisho wa mwezi, bibi alisema amepwelewa. Kupwelewa ni chombo kukaa mahali, maji yakapwa, kikabaki juu ya mtanga hakiwezi kwenda mbele wala nyuma mpaka maji yarudi. Sidhani kuna neno jingine la Kiswahili linalosema hivyo kwa mpigo mmoja.

Nalo ndilo neno la vita vya Shela. Takriban mwaka 1812, Muyaka akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, Mombasa ya Mazrui iliungana na watu wa Pate kwenda kuishambulia Lamu. Majeshi yalishuka Shela. Watu wa Amu wakawatokea, wakawapiga, na walipokimbilia pwani ili wapande vyombo waondoke, maji yalikuwa yamekupwa. Vyombo vimepwelewa. Waliuawa palepale ufukoni, na hadithi za mifupa iliyokuwa ikifukuka katika mchanga wa Shela zimesimuliwa Amu kizazi hata kizazi. Ndugu zangu wa Amu wasinikasirikie nikisema kwamba siku ile haikuwaumiza Mvita peke yake. Kwa kuogopa kulipiziwa kisasi, Lamu ilimwita Seyyid Said wa Oman awalinde, naye akaja, akaleta askari na liwali wake. Ngome ya Lamu ilikamilika takriban mwaka 1821. Tangu hapo Busaidi wakawa na mguu pwani ya kwetu, na miaka ishirini na tano baada ya Shela mguu huo ukafika Mombasa. Kupwa kwa maji kwa saa chache kulitosha.

Vita vile vilipiganwa kwa midomo pia. Kabla na baada ya Shela, washairi wa miji hii walipelekeana mashairi, huyu anatisha, yule anakejeli, huyu anajibu. Amu ilikuwa na Zahidi Mngumi, mtu wa siasa na wa ushairi kwa pamoja. Mvita ilikuwa na Muyaka. Shairi lilipanda chombo likashuka bandari ya pili, likasomwa barazani, watu wakalishika kwa moyo, na jibu lake likangojwa kama tunavyongoja leo matokeo ya uchaguzi. Mtu aliyeshindwa kujibu aliuaibisha mji wake. Tusidhani lilikuwa jambo la kupitisha wakati. Wakati ambapo hakuna gazeti, shairi ndilo lililokuwa tangazo la serikali na maoni ya mhariri.

Hapa lazima nieleze Muyaka alifanya nini ambacho wengine hawakufanya. Kabla yake, utungo uliokuwa ukiheshimiwa zaidi ulitoka kaskazini, Pate na Amu, na mwingi ulikuwa wa dini: tenzi ndefu, mawaidha, sifa za Mtume, na tungo za kuukumbusha moyo kwamba dunia inapita, kama Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Lugha yake ni Kiswahili cha kaskazini, na mtunzi aliyetaka kuonekana mtunzi alielekea huko. Muyaka alichukua shairi la mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao, akalijaza Kimvita kama kilivyonenwa njiani. Akaliondoa msikitini na kulipeleka barazani na sokoni. Alitunga juu ya siasa za Ngomeni na juu ya mapenzi ya uchochoroni. Alitunga juu ya ukata, juu ya marafiki waliomgeuka, juu ya wivu, juu ya watu wanaojifanya wakubwa. Alitunga mafumbo ya kuwatega wenziwe. Hakuna ubeti wake unaoomba radhi kwa kuwa wa kawaida.

Na hapo ndipo yale maneno ya jikoni kwa bibi yanapopata uzito ambao kijana wa Kibokoni hakuuona. Shairi ni vina. Ukitaka kina cha to, Kimvita kinakupa mato, moto, mtoto, kito, pito, na ukipenda uzito. Mwambie Muyaka aseme macho, umemvundia ubeti mzima. Vivyo hivyo vunda huenda na shinda, tunda, kanda na penda. Ukisema vunja umebaki peke yako barabarani. Ndiyo maana siwakubalii watu wanaosema twaweza kumsafisha Muyaka tukamwandika kwa Kiswahili sanifu ili wanafunzi wamwelewe. Atakayebaki baada ya kusafishwa si Muyaka. Nyumba ya mawe ukitoa boriti za mikoko ukatia bati, itasimama, lakini si nyumba ileile.

Turudi Mombasa. Katika miaka ya 1820 mji ulikuwa ukiutazama upeo wa bahari kila kaskazi ikianza kuvuma, maana upepo uleule ulioleta majahazi ya tende kutoka Uarabuni ndio ungeleta merikebu za Seyyid Said. Pemba ilikuwa imeshawatoka Mazrui. Mwaka 1824 liwali Sulaiman bin Ali akaona bora amkumbatie Mwingereza: bendera ya Uingereza ikapandishwa Mombasa kwa mkono wa Kapteni Owen, bila ya serikali yake kumtuma. Miaka miwili tu, mwaka 1826 London ikakataa na bendera ikashushwa. Jina la English Point pale ng'ambo, na nyumba ya Leven pale Mji wa Kale, ndivyo vinavyotukumbusha mambo hayo. Wengi wetu hupita hapo kila siku bila ya kujua kwamba Mvita ilikuwa chini ya bendera ya Kiingereza miaka mingi kabla ya Kenya kuwa na jina.

Mwingereza alipoondoka, Seyyid Said akaja mwenyewe, mwezi wa Januari 1828, na kaskazi nyuma yake. Aliingia Ngome, akaweka askari wake, akaondoka. Watu wa Mombasa wakawazingira wale askari kwa njaa mpaka wakatoka. Akarudi tena mwaka uliofuata, na tena 1833. Asipate kitu. Liwali wakati huo alikuwa Salim bin Ahmed, na Muyaka alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini, sauti yake ikijulikana na kila mtu. Kuna mashairi yake ya miaka hiyo ambayo ukiyasoma unasikia ngoma ya vita ndani yake: anawahimiza watu wake, anamdharau adui, anaujigambia mji. Mimi, ambaye si mtu wa vita hata kidogo, nikiyasoma kwa sauti najikuta nimesimama.

Mizinga haikuivunja Mombasa. Salim alipofariki mwaka 1835, Mazrui wakagombana wao kwa wao juu ya nani akae Ngomeni, na baadhi ya wakuu wa mji wakachoshwa nao wakaona heri Seyyid Said. Mwaka 1837 mji ukamfungukia. Wakuu wa Mazrui wakakamatwa kwa hila, wakatiwa merikebuni na kupelekwa Bandar Abbas. Waliosalia wa ukoo wao wakaelekea wengine Takaungu, wengine Gasi. Mchuma janga hula na wa kwao, bibi angesema, na angesema huku akipepeta mtele wala asinyanyue mato.

Muyaka hakupelekwa popote. Alibaki katika mji uleule, barazani kwa watu walewale, ila bendera juu ya Ngome ilikuwa ya mtu aliyempiga kwa maneno miaka ishirini na tano. Nimekuwa nikiiwaza sana hiyo miaka mitatu ya mwisho. Mtu aliyekuwa ulimi wa dola, na dola haipo. Watu aliowasifu wako kifungoni, na baadhi ya majirani zake ndio waliofungua mlango. Katika tungo zake zimo zinazozungumza juu ya dunia isiyotengemaa na mtu, na juu ya enzi zinavyogeuka, na ni vigumu kuzisoma bila ya kumwona mzee huyu akishuka ndia ya kwenda pwani. Alifariki takriban mwaka 1840.

Hakuacha kitabu. Kilichokuwako ni watu. Mombasa ilimbeba Muyaka kichwani, au tuseme kitwani, kwa karibu miaka hamsini. Waliomsikia walikuwa wakifa, na kila aliyezikwa alikwenda na beti zake. Miaka minne tu baada ya kufa kwake alifika hapa Mjerumani Johann Ludwig Krapf, mmishenari, akaanza kukusanya maneno ya Kimvita. Kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Humo mna maneno ambayo leo nikiyataja hapa Mji wa Kale watu wananikodolea mato. Lakini kamusi si diwani. Aliyemwokoa Muyaka ni mtu wa kwetu, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni na mshairi, ambaye alizikusanya tungo kutoka vinywani mwa watu akaziandika kwa herufi za Kiarabu. Nimecheka mara nyingi na jina hilo. Mtu aliyejua kuliko wote aliitwa Sikujua.

Sikujua alifanya kazi na mmishenari wa Kiingereza, William Taylor, aliyekuwa na sikio la ajabu. Taylor alizisikia zile t mbili, alizisikia pumzi katika paa na kaa, akajitahidi kuzitofautisha kwa maandishi. Mwaka 1891 alichapisha London kitabu cha methali za Waswahili, nyingi zikiwa katika Kimvita kama zilivyosemwa nyumbani kwa watu. Nilipokiona mara ya kwanza, ilikuwa kama mtu amekaa ukumbini kwetu Kuze na kalamu miaka mia moja kabla yangu. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890, kitabu hicho hakijatoka.

Kisha ukaja mwaka 1928. Mkutano wa wakubwa wa elimu wa Afrika Mashariki ulikaa hapahapa Mombasa, mjini kwa Muyaka, na humo Kiunguja kikakubaliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Sina ugomvi na Kiunguja. Kilikuwa kimeshaenea bara kwa misafara, kilifahamika mbali, na nchi nne haziwezi kufundisha kila moja na lake. Ninachogombana nacho ni kile kilichofuata madarasani, maana uamuzi juu ya vitabu uligeuka hukumu juu ya watoto.

Mimi nilikuwa darasa la nne nilipoandika insha juu ya siku ya Idi, nikamtaja bibi yangu na mato yake yaliyotiwa wanja. Daftari lilirudi na neno hilo limezungushiwa wino mwekundu, na ndia, na mtele wa pilau, na kuteka kwa furaha. Mwalimu alinieleza mbele ya darasa kwamba kuteka ni kuteka maji. Darasa likateka, samahani, likacheka. Nililipeleka daftari nyumbani na bibi akataka nimsomee. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kosa liko wapi. Sikuwa na jibu. Baada ya hapo nikawa na ndimi mbili, mmoja wa begi na mmoja wa jikoni, na bibi alipofariki ule wa jikoni ukakosa mtu wa kuniitikia.

Wengi wenu mnaosoma hapa mna daftari kama hilo. Wengine wenu mna bibi bado, au nana, au shangazi mkubwa, na mwajua kwamba akinena jambo watoto wanatazamana. Muulizeni ngama ni nini. Muulizeni kupwelewa. Mwacheni aseme kwa ulimi wake, na simu iwe imewashwa kurekodi, maana ile t ya meno haiandikiki.

Muyaka alipata kitabu chake mwaka 1940, miaka mia moja baada ya kufa, na hakikupigwa chapa Mombasa wala Unguja. Kilichapishwa Johannesburg na chuo kikuu cha Witwatersrand, kikiwa kimetengenezwa na William Hichens kutokana na karatasi za Taylor na Sikujua. Mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu kikubwa Nairobi, mashairi kwa Kiswahili na maelezo yote kwa Kiingereza, na mpaka leo ndicho wanachokitegemea wasomi. Katikati ya hapo watunzi wa Mvita wenyewe walikuwa hawajanyamaza: Ahmad Nassir Juma Bhalo alitoa Malenga wa Mvita mwaka 1971, na Abdilatif Abdalla akatoa Sauti ya Dhiki mwaka 1973, tungo alizozitunga gerezani. Wote wawili wamezitunga tungo zao kwa Kimvita, na hakuna mwalimu aliyezizungushia wino.

Karatasi zenyewe, pamoja na mkono wa Mwalimu Sikujua, ziko London, katika maktaba ya chuo cha SOAS. Anayetaka kuziona huomba, akaletewa mezani. Zimeandikwa kwa herufi zilezile tulizofundishwa chuoni, na yeyote kati yetu aliyehitimu kwa maalimu wa mtaani anaweza kuanza kuzisoma, mstari kwa mstari, akiwa na subira kidogo tu na ule ulimi wa jikoni.